Siku Kumi za Kutocheka

Ukiambiwa una mtoto wa jicho, majirani watakutisha kwa habari za kisu. Nakuandikia wewe uliyeambiwa juzi, au unayejiandaa kumpeleka mama yako, ili ujue mapema kwamba kisu si kitu. Kwanza, hukioni. Pili, muda ambao daktari anashughulika nawe hauzidi wa mtu kunyolewa nywele. Kazi iko kwenye kulala. Unalala chali siku kumi, macho yote mawili yamefungwa bendeji, kichwa kimebanwa katikati ya mifuko miwili ya mchanga, na huruhusiwi kucheka. Hilo la kutocheka mimi nililidharau. Nusura linigharimu jicho.

Naitwa Mlowe. Nilikuwa karani wa baraza hapa Makambako kwa miaka mingi. Kazi yangu ilikuwa kuandika waliyosema watu mbele ya hakimu, na mengi waliyosema yalikuwa uongo. Kwa sababu hiyo sikuwa mtu wa hadithi za kutunga. Mtu akinipa kitabu cha hadithi nilimrudishia siku hiyo hiyo. "Uongo nausikia kazini tangu asubuhi," nilimwambia. "Jioni nataka ukweli."

Ukweli wangu ulikuwa vitabu saba. Vyote saba vilikuwa vya maisha ya watu wema: wachungaji watano, mwalimu mmoja, na mjane mmoja mcha Mungu kupita kiasi. Kila mmoja alizaliwa katika dhiki, akajaribiwa, akashinda, na katika sura ya mwisho akafa vizuri huku akiwaaga watu kwa maneno marefu. Nilivisoma kwa zamu, kwa sauti, kila jioni tukishakula. Cha saba kikiisha, narudi cha kwanza. Mke wangu Tabita, Mama Yona, alikaa ng'ambo ya moto akipukuchua mahindi na kusikiliza. Watoto wetu walikwisha ondoka nyumbani, kila mmoja ana mji wake. Nilimhurumia mke wangu kwamba hakwenda shule, nikajiona nafanya jambo jema kumsomea.

Jicho la kulia lilianza wakati wa mvua za kupandia. Niliona ukungu. Makambako ukungu si habari, basi sikushtuka. Lakini ukungu huu ulikuwa ndani ya nyumba. Nikailaumu taa. Mama Yona akasugua kioo cha taa kwa majivu mpaka kikang'aa. Nikalaumu mafuta ya taa. Tukabadilisha duka. Mwishowe nikawalaumu wapiga chapa kwamba siku hizi wanabania wino, nikasahau kwamba vile vitabu nilikuwa navyo tangu kabla Yona hajazaliwa.

Kusoma, hata hivyo, niliendelea. Nilikuwa nimevirudia mno vile vitabu hata sikuhitaji kuviona. Nilifungua, nikaweka kidole kwenye karatasi, maneno yakatoka yenyewe. Nilisoma hivyo miezi mingi bila kukosea, mpaka jioni moja Mama Yona akaniita kwa upole.

"Baba Yona."

"Usinikatize. Mjane yuko karibu kufa."

"Kitabu umekigeuza juu chini."

Nilikigeuza, nikaendelea pale pale nilipoishia. Sikujiuliza mtu asiyejua kusoma amejuaje kwamba maandishi yamelala kichwa chini. Ukiwa na kiburi cha kusoma, mambo mengine hupiti karibu nayo.

Kilichonipeleka hospitali ni mama mkwe. Alikuja kutoka Igwachanya kutusaidia kupanda, mvua za mwaka uliofuata. Unajua heshima yetu kwa mkwe. Humgusi, humtanii, ukikutana naye njiani unampisha. Siku hiyo nilitoka barazani na upepo ule wa kwetu umenigandisha vidole. Nikaingia jikoni, nikamwona Mama Yona kwenye kigoda chake, amejifunika blanketi lake la kijivu. Nikakaa nyuma yake, nikaingiza mikono yote miwili chini ya blanketi, mgongoni, nikasema, "Nipashe mikono, mchumba."

Hakuwa Mama Yona. Mama Yona alikuwa mlangoni, ameshika mtungi wa maji.

Mama mkwe aliinuka taratibu, akatoka nje, akalala kwa jirani. Asubuhi aliondoka bila kunywa uji. Mama Yona hakunisemesha siku tatu, na siku ya nne alinisemesha neno moja: "Njombe."

Hospitali ya misheni tuliyokwenda ilikuwa na veranda ndefu inayotazama miti ya miwati. Daktari wa macho hakuwa wa pale. Alipita mara mbili kwa mwaka, na alipopita nchi nzima ilihamia kwenye veranda ile. Tulikaa kwenye benchi tangu umande hadi mchana. Kila mara muuguzi alipita akitudondoshea dawa ya matone, na baada ya matone hakuna aliyemwona mwenzake. Tukasogea kwenye benchi kwa kupapasana, kila mtu akimwomba radhi mtu ambaye hamjui. Mzee mmoja aliyetoka Bulongwa kwa miguu alimshika mkono mke wangu kwa muda mrefu akidhani ni mjukuu wake, akamsimulia mambo ya shamba, na Mama Yona akamjibu yote vizuri.

Daktari aliniwekea mwanga machoni. "Jicho la kulia halijakomaa," alisema. "Rudi wakati wa baridi."

"Halijakomaa? Kwani ni tunda la pichi?"

"Ni hivyo hivyo," alisema. "Tukilichuma bichi litaharibika."

Basi nikarudi Makambako kuivisha jicho. Hiyo miezi sita ndiyo iliyokuwa mibaya kuliko yote, na sitakudanganya. Barazani waliweka karani mwingine, kijana mwenye mwandiko wa kuku. Jicho la kushoto nalo likaanza kufuata la kulia. Niliota jua nimeegemea ukuta, nikimenya viazi nusu na vidole nusu. Nilikuwa na hasira na kila kitu. Mama Yona alilima, akapalilia, akachota maji, akanielekeza mlango ulipo, nami nikamlipa kwa kulalamika. Nililalamika hasa kuhusu chama chao cha akina mama kanisani, alikokwenda kila Jumatano na Jumamosi mchana.

"Mnashona nini miaka miwili?" nilimuuliza. "Hizo nguo ziko wapi?"

Jumamosi ile alirudi na kitambaa kidogo cha meza, akakiweka magotini pangu. Nilikipapasa. Kilikuwa na mshono mmoja, tena umepinda. Nikadhani mke wangu hana kipaji cha sindano na amekuwa akinificha.

Tulirudi Njombe mwezi wa sita, majani yamekuwa meupe kwa sakitu, ule umande ulioganda. Daktari akaridhika kwamba nimeiva. Kuhusu upasuaji wenyewe nakumbuka harufu ya dawa, sauti ya mtu akinihesabia, na bakuli la bati likigonga kitu. Nilipozinduka nilikuwa gizani, na Sista Mzungu aliyesimamia wodi alikuwa akinisomea sheria kwa Kiswahili chake kilichonyooka kama rula.

"Husogezi kichwa. Hukohoi. Hupigi chafya. Huinuki hata kwa haja, utaletewa chombo. Hulii, hucheki. Jicho limeshonwa kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Ukitikisika, uzi utakatika, na jicho litamwagika."

"Usiwe na wasiwasi, Sista," nilimwambia. "Mimi huwa sicheki."

Ilikuwa kweli. Nilipokuwa barazani hata mawakili wa kienyeji waliacha mizaha mbele yangu.

Siku ya kwanza ilipita kwa usingizi. Siku ya pili niligundua kwamba siku ni kitu kirefu. Ndevu zilikuwa zinaota na kuwasha, na sikuruhusiwa kujikuna. Tumbo lilikuwa limegoma. Kile chombo walichoniletea kilikuwa cha baridi hivi kwamba nilikiogopa kuliko kisu. Mama Yona alikaa kwenye banda la ndugu wanaouguza, nyuma ya hospitali, akaja mara tatu kwa siku kuninywesha uji kwa kijiko. Akiondoka, sikuwa na lolote la kufanya ila kuhesabu vikohozi vya watu.

Kitanda cha pili alilala dereva wa lori, Mkinga wa Makete, jina lake Sanga. Lori lake lilipinduka karibu na mto, likamvunja mguu, nao mguu ulikuwa umetundikwa juu kwa kamba na jiwe la kuuvuta. Yeye hakuweza kutembea lakini macho yake yalikuwa mazima. Mimi nilikuja na kimoja cha vitabu vyangu, kile cha mwalimu. Nikamwomba anisomee.

Alisoma kurasa mbili, kisha akasita.

"Bwana Karani, samahani. Huyu mtu anakosea lini?"

"Hakosei."

"Hata kidogo? Hata kumkanyaga mtu mguu?"

"Alikuwa mtu mwema."

"Haya. Basi hadithi iko wapi?"

Sanga akafunga kitabu kwa heshima, nikasikia akipekua chini ya mto wake. "Mimi nina viwili," alisema. "Vilikuwa kwenye lori. Hata siku ile lilipopinduka, nilitoa vitabu kwanza, ndipo nikakumbuka mguu. Tufanye hivi. Ukurasa mmoja wa kwako, mitatu ya kwangu."

Cha kwanza kilikuwa cha upelelezi. Mwenye duka amekutwa amekufa ndani ya ghala lake, mlango umefungwa kwa ndani. Wanaoshukiwa ni watatu: mpishi wake, mdogo wake, na karani wake. Nilikisikiliza kwa dharau kurasa kama nne hivi. Kisha mpelelezi akamhoji mpishi bila kumwapisha.

"Hafai!" nilisema. "Ushahidi huo hakimu hataupokea!"

"Tulia, Bwana Karani, kichwa."

"Na kwa nini hakuandika saa aliyofika? Endelea."

Ukurasa wangu mmoja ulisahaulika siku hiyo hiyo. Nilikwisha mtia hatiani mpishi. Niliwatangazia wagonjwa wote wa wodi kwamba ni mpishi, kwa sababu mtu aliyelia kabla ya kuambiwa nani kafa huyo anajua kitu. Wodi ikagawanyika. Wengine walimshika mdogo wa marehemu. Hakuna aliyemfikiria karani, na mimi niliona hilo ni sawa kabisa.

Siku ya nne asubuhi Sanga akasema tupumzike kidogo na maiti, tupate kitu chepesi. Akatoa kitabu cha pili. Naomba unielewe kwamba sijawahi kusikia kitu cha namna ile. Kilikuwa kisa cha mlafi mmoja aliyesikia misiba miwili siku moja, mmoja bondeni na mmoja mlimani. Akala wali wa bondeni, akakimbilia wa mlimani, akafika amechoka na tumbo limejaa, akajitupa chini akilia na kumtaja marehemu wa bondeni. Wenye msiba wakamwambia, baba, huyo siye. Akanyanyua kichwa akauliza, "Basi ni nani? Nianze upya."

Kicheko kilianzia tumboni. Nilikaza meno. Nikajaribu kufikiria msiba ili nijitulize, na msiba ndio uliokuwa ukisomwa. Nikawafikiria wachungaji wangu watano, wote wakajitokeza wamebeba sahani za wali. Kitanda kikaanza kutikisika. "Nyamaza, Sanga," nilisema, lakini Sanga alikuwa amefika pale mlafi anapouliza kama chakula cha mlimani kimekwisha, na mimi nikapasuka.

Kitu kilinichoma ndani ya jicho kama mwiba wa moto. Maji ya vuguvugu yakateremka chini ya bendeji mpaka sikioni.

Nikasikia viatu vya Sista.

"Nani amemchekesha mgonjwa?"

"Ni kitabu, Sista," alisema Sanga kwa sauti ndogo.

Daktari aliitwa. Akafungua bendeji, akatazama kwa muda, akafunga tena. "Kuna damu," alisema. "Uzi mmoja umelegea. Siwezi kusema sasa kama jicho litapona au halitapona. Alale bila kusogea, tuone."

Siku tatu. Najua kwamba simulizi hii nimeiandika kwa kucheka, lakini zile siku tatu sikucheka. Jicho la kushoto nalo lilikuwa karibu kwisha. Nililala nikifikiri nitakavyokuwa mtu wa kushikwa mkono kwenda chooni mpaka kufa kwangu, kwa sababu ya mlafi asiyekuwepo, mtu wa kubuni. Sista akamkataza Sanga kunisomea hata jina lake mwenyewe. Sanga aliniomba radhi mara nyingi hivi kwamba alikatazwa hilo pia.

Mama Yona alikaa. Hakunilaumu. Alinishika kifundo cha mkono.

Mchana wa siku ya pili kati ya zile tatu, nilimwambia, "Kinachonisumbua ni kijinga."

"Kipi?"

"Kile cha upelelezi. Hatukumaliza. Sijui kama ni mpishi. Sanga hawezi kunisomea. Laiti wewe ungejua kusoma, Mama Yona."

Kisha nikasikia anainuka, anakwenda kitanda cha pili, anasema kitu kwa Sanga, anarudi. Nikasikia karatasi zikifunguliwa.

"M-pe-le-le-zi," alisema, "a-ka-chu-ku-a... akachukua fu-, fungu-o. Akachukua funguo."

Nilidhani homa imenipanda.

"Nani anasoma?"

"Lala. Nimepoteza mstari."

"Tabita! Umejifunza wapi?"

"Chama cha akina mama. Jumatano na Jumamosi."

"Mlikuwa mnashona!"

"Tulishona siku moja. Ulipoulizia nguo."

Nikauliza, kwa sauti niliyotaka iwe ya kawaida, "Kwa nini hukuniambia? Miaka miwili!"

Mke wangu hajibu haraka.

"Ningekwambia ungenipa vile saba," alisema.

Kicheko na kilio vilinijia kwa pamoja, na vyote vimekatazwa. Nilishika chuma cha kitanda kwa mikono miwili mpaka vikapita.

Alisoma vile, silabi kwa silabi, na kumhoji shahidi mmoja kulichukua mchana mzima. Jambo la ajabu ni kwamba hakuna aliyemharakisha. Nilipokuwa nasoma mwenyewe nilikuwa nakimbia, kwa kuwa nilijua ninakokwenda. Sasa tulikwenda kwa mwendo wake, na kila neno lilifika peke yake kama mgeni mlangoni. Alipokuta jambo la kumshangaza aliliacha, akasema na mhusika kwa Kibena chetu, akamwonya, kisha akarudi kwenye mstari. Siku ya nane, mbele ya wodi nzima, mpelelezi alimtia pingu mpishi. Nilikuwa nimesema tangu mwanzo! Waliomshika mdogo wa marehemu walinipa heshima yangu. Sanga pekee alikohoa kidogo, akasema, "Hongera, Bwana Karani."

Mchana ule ule daktari akatazama tena. Damu ilikuwa imekauka, uzi umeshika. "Una bahati," alisema. Sikumwambia bahati ilikuwa inasoma polepole.

Siku ya tisa Mama Yona alitoa kwenye kikapu kitabu chake mwenyewe, alichoazimwa na mwalimu wao wa chama. Kilikuwa cha mapenzi. Nilipinga. Nikasema mzee wa kanisa kama mimi kulazwa na kusomewa mapenzi na mkewe hadharani si jambo la kuonekana.

"Wewe huonekani," alisema. "Umefungwa bendeji."

Rehema wa kitabu kile alimpenda fundi wa saa, baba yake akataka kumwoza mtu mwingine. Wanaume kumi na wawili wa wodi ile walijifanya wamelala. Lakini Mama Yona alipopunguza sauti, kitanda cha mwisho kilisema, "Mama, tafadhali, huku hatusikii." Rehema akaugua homa kali. Fundi wa saa akatembea siku mbili kumfuata. Mama Yona alisita hapo kwa muda mrefu, nikasikia anafungua ukurasa, anafunga, anafungua. Kisha akaendelea, safari hii bila kukwama hata silabi moja. Homa ikashuka. Baba mtu akalainika. Wakaoana, pakaliwa ng'ombe wawili. Wodi ilipiga makofi, na Sanga akagonga chuma cha kitanda chake.

Na hapo katikati ya makofi mtu alisimama mlangoni. Nilisikia Mama Yona anainuka haraka.

"Nimesikia mkwe wangu amekatwa jicho," ilisema sauti ya mama mkwe. "Nimekuja kumpa pole. Mwambieni asihangaike kuinuka. Na mikono yake aiache hapo hapo ilipo."

Niliuma blanketi. Sanga aliuma mto. Nilipona, na nakushauri nawe ulale na blanketi karibu na meno.

Siku ya kumi walifungua. Kwanza nikaona mwanga, kisha kidole cha daktari, kisha nyuma ya kidole uso wa mke wangu, wenye mawimbi kama unaonwa ndani ya maji. Nikamwambia amekonda. Akaniambia nikaoge kwanza, ndipo niseme watu. Nilikuwa sijaoga tangu nilipoingia.

Miwani ilichelewa. Iliagizwa mbali, ikaja kwa posta wakati wa kuvuna ulezi ulikwisha pita. Ni minene, na ukiivaa mara ya kwanza kila kitu kinakurukia. Kuku alinijia mkubwa kama mbuzi. Nilijitazama kwenye kioo nikamkuta baba yangu marehemu. Ngazi niliziogopa wiki mbili, na chai niliimimina pembeni ya kikombe, kwa sababu kikombe kilikuwa kinasimama si pale ninapokiona. Usikate tamaa. Mkono unajifunza. Na hospitali beba soksi, kula viazi kuliko maharage, na ukiweza omba kitanda mbali na madereva.

Sanga alipita Makambako mwezi uliofuata, anachechemea, akanipa vitabu vyake viwili huku akisubiri chai. Nilipoketi na kile cha upelelezi nilitaka tu kuonja tena ushindi wangu. Nikafungua kurasa za mwisho. Mpelelezi akaingia chumbani, akatoa pingu, akamfunga karani.

Nilisoma mara tatu. Karani. Alikuwa ameghushi daftari, akamuua tajiri wake. Mpishi alilia mapema kwa sababu alikuwa anakata vitunguu.

Nilitoka nje na kitabu. Sanga alikuwa ameegemea lori lake.

"Ulijua?"

"Nilikisoma mara nne, Bwana Karani."

"Na ulimsikia Mama Yona anadanganya wodi nzima?"

"Nilimsikia. Nilitaka kuona atafikaje," alisema. "Alifika vizuri kuliko mwenye kitabu."

Mama Yona nilipomuuliza hakuona aibu yoyote. "Ulikuwa na jicho baya," alisema, "na ulikuwa umefurahi. Nikufungie karani mwenzako pale, ili iweje?"

Nikakaa siku nzima nikimtazama mke wangu kwa miwani ile. Kisha nikamwomba anipe kile cha mapenzi.

Nilikisoma mchana nje, nimeegemea ukuta, upepo ukipeperusha karatasi. Rehema akaugua. Fundi wa saa akatembea siku mbili. Akafika, akakuta wamekwisha tandika mikeka na wanawake wamekaa chini. Rehema alikuwa amekufa asubuhi ile.

Sikutegemea. Nilikuwa nimehudhuria harusi yake. Nililia, mimi niliyesoma vifo saba kila mwaka bila kutikisika, nikalia kwa ajili ya msichana ambaye hajapata kuwepo. Machozi yakajaa kwenye miwani, sikuona kitu tena. Nikasubiri maumivu ndani ya jicho. Hayakuja. Uzi ulikuwa umeshika.

Mama Yona alitoka na ungo wa mahindi. Akaniona, akaweka ungo chini, akanivua miwani, akaifuta kwa pindo la kanga.

"Umefika hapo," alisema.

"Alikufa, Tabita."

"Sista alisema usilie. Nilipoona neno 'maiti' nilifunga, nikatunga mwenyewe." Akanirudishia miwani puani, akainyoosha. "Wanaume wote wale wagonjwa. Ningewaulia mtu?"

"Lakini kuna sura mbili zimebaki," nilisema. "Hizo zinasemaje?"

"Sijui. Sikuzisoma. Nilikwisha muoza."

"Hujui fundi wa saa alifanya nini?"

Alitazama ungo wake, akatazama kitabu. Kisha akavuta kigoda karibu na ukuta palipo na jua, akakaa, akakunja kanga magotini.

"Soma," alisema. "Na usikimbie."

Nikafungua ukurasa ambao kati yetu wawili hakuna aliyejua una nini, nikaweka kidole kwenye neno la kwanza.